Mgeni wa Siku ya Tatu: Jumba la Ufukweni Likiuzwa, Nani Hulipa Kodi?

Kila mwisho wa mwezi, hati yangu ya mshahara huniletea hesabu iliyokwisha kufungwa. Kodi ya mapato imekatwa. Mchango wa NSSF umekatwa. Asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii imekatwa. Asilimia 1.5 ya nyumba za gharama nafuu imekatwa. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza kama ningependa kulipa, wala hakuna aliyesubiri nieleze nimepata nini. Sheria imemfanya mwajiri wangu kuwa mkusanyaji wa kodi. Asipokata, yeye ndiye atakayedaiwa. Mwalimu wa Magarini, muuguzi wa Malindi na karani wa Kilifi wote wamo ndani ya wavu huo huo. Katika jambo hili Serikali haituamini hata kwa siku moja, na sina kinyongo nayo. Kodi isiyokatwa mapema aghalabu hailipwi.

Sasa mtazame mtu wa pili. Ana jumba la likizo Watamu au Diani. Kwao ni Milan, au Munich, au London. Huja wiki tatu kwa mwaka, hufurahia bahari, huwalipa mlinzi na mpishi, kisha huondoka. Siku anapoamua kuliuza jumba lile, sheria ya Kenya humtaka alipe kodi juu ya faida aliyoipata. Lakini huyu anaaminiwa. Ndiye atakayetaja bei, ndiye atakayekokotoa faida, ndiye atakayejaza fomu na kulipa. Baada ya hapo hupanda ndege.

Hoja yangu leo ni nyepesi kuieleza ingawa wengi hawapendi kuisikia: Kenya imeandika sheria nzuri ya kumtoza kodi mgeni anayeuza nyumba ya likizo, kisha ikamwachia mgeni huyo huyo funguo za sheria hiyo. Mataifa anakotoka hayafanyi hivyo. Nasi hatuna sababu ya kuendelea kufanya hivyo.

Tuanze na sheria yenyewe, maana mijadala mingi ya kodi nchini hufanywa na watu wasioijua. Kodi ya faida ya mtaji si ngeni. Ilianza hapa mwaka 1975, ikasimamishwa mwaka 1985 kwa hoja ya kuvutia uwekezaji, na ikarejeshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 15. Zingatia pengo lililopo katikati. Kwa takriban miaka 30, ile ile ambayo fukwe za Malindi, Watamu na Diani zilijaa majumba ya likizo, aliyeuza jumba kwa faida hakudaiwa hata senti moja ya kodi hiyo. Vijana wanaouliza utajiri wa pwani ulikwenda wapi waianzie hesabu yao hapo.

Je, kodi hii hukokotolewaje? Chukua mfano wa kubuni. Mtu alinunua jumba kwa shilingi milioni 20. Akaongeza bwawa la kuogelea na paa jipya kwa milioni 5. Mawakili, madalali na ushuru wa stempu vikamgharimu milioni 1. Sasa analiuza kwa milioni 60. Faida yake ni milioni 34, na kodi ni shilingi milioni 5.1. Kumbuka kwamba kodi haitozwi juu ya bei yote, bali juu ya faida tu. Asiyepata faida hana deni.

Upo msamaha mmoja ambao watu wengi huutaja bila kuusoma. Nyumba ambayo mwuzaji ameishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuihamisha haitozwi kodi hii. Msamaha huo uliwekwa kumlinda mtu anayeuza maskani yake. Jumba linalokaliwa wiki tatu kwa mwaka na kukodishwa kwa watalii miezi inayobaki si maskani. Hata hivyo, wapo mawakili na madalali ambao hawaoni haya kumwambia mteja wao kwamba anastahili msamaha huo, mradi asiulizwe maswali.

Mianya ni miwili, na yote inajulikana.

Mwanya wa kwanza ni bei. Mwuzaji anaishi ng'ambo na mnunuzi aghalabu anaishi ng'ambo. Fedha zinaweza kutoka benki moja ya Ulaya kwenda benki nyingine ya Ulaya bila kugusa Mombasa wala Nairobi. Katika mkataba unaowasilishwa kwa msajili wa ardhi huandikwa milioni 35. Zile 25 zilizosalia hupita njia nyingine, pengine kwa jina la fanicha. Turudi kwenye mfano wetu: faida sasa ni milioni 9, na kodi ni milioni 1.35. Shilingi milioni 3.75 zimeyeyuka kwa mwandiko wa kalamu. Ni kweli kwamba mthamini wa Serikali hukagua thamani kwa ajili ya ushuru wa stempu. Lakini mthamini mwenye magari machache, majalada mengi na mshahara mdogo hawezi kuwa ngome pekee ya hazina ya taifa.

Nimwonye mnunuzi hapa, kwa kuwa naye hudhani amepona. Atakapouza yeye, bei aliyonunulia kwa mujibu wa maandishi ni milioni 35. Zile milioni 25 alizozilipa kwa siri zitahesabiwa kuwa faida yake, naye atazilipia kodi ya mtu aliyekwisha kuondoka zamani.

Mwanya wa pili ni kampuni. Jumba haliandikwi kwa jina la mtu, bali kwa jina la kampuni ya Kenya. Hisa za kampuni hiyo humilikiwa na kampuni nyingine ng'ambo. Siku ya kuuza, hati ya ardhi haiguswi. Kinachobadili mikono ni hisa za kampuni ya ng'ambo. Msajili wa ardhi hajui, kaunti haijui, jirani hajui. Mlinzi langoni huona tu kwamba wanaokuja likizo mwaka huu si wale wa mwaka jana.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilijaribu kuuziba mwanya huu. Sasa hisa ambazo zaidi ya asilimia 20 ya thamani yake inatokana na mali isiyohamishika iliyopo Kenya zimo ndani ya wavu wa kodi, hata zikiuzwa nje ya nchi. Hatua hiyo naipongeza. Lakini sheria isiyo na macho haikamati mtu. Anayeuza hisa ng'ambo hana sababu ya kuja Times Tower kujitangaza, na hakuna mtu aliyepo hapa nchini ambaye amewajibishwa kumzuilia kodi.

Hapo ndipo penye kiini. Mimi nakatwa na mwajiri wangu. Mshauri asiye mkazi anayelipwa ada na shirika la Kenya hukatwa na shirika hilo. Mgeni anayepokea gawio la kampuni ya Kenya hukatwa na kampuni. Lakini mgeni anayepokea mamilioni kwa kuuza jumba, tena katika muamala ambao pengine ndio wa mwisho kuufanya nchini mwetu, hakatwi na yeyote. Yule ambaye ni rahisi kuliko wote kutoweka ndiye tuliyemwekea kamba ndefu kuliko wote.

Mataifa mengine hufanyaje? Marekani ina sheria ya mwaka 1980 ijulikanayo kwa kifupi FIRPTA. Mgeni akiuza nyumba Florida, mnunuzi hulazimika, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kuzuia asilimia 15 ya bei yote, wala si ya faida tu, na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi. Mnunuzi asipofanya hivyo, deni huwa lake. Mwuzaji kisha huwasilisha hesabu zake. Akiwa amekatwa zaidi, hurejeshewa. Uhispania, ambayo fukwe zake zimejaa nyumba za likizo za Waingereza na Wajerumani, humtaka mnunuzi azuie asilimia 3 ya bei. Australia ilianza utaratibu huu mwaka 2016 kwa asilimia 10 na kwa mali za bei kubwa tu. Tangu Januari 2025 kiwango ni asilimia 15, na kima cha chini cha bei kimeondolewa. Kanada humruhusu mnunuzi kuzuia sehemu kubwa ya bei iwapo mwuzaji asiye mkazi hana cheti cha mamlaka ya kodi. Uingereza haizuii fedha, lakini humpa mwuzaji wa nyumba ya makazi asiye mkazi siku 60 tu za kuwasilisha taarifa na kulipa.

Mkenya aliyefanya kazi Dallas akanunua nyumba, akarudi Nairobi na kuiuza akiwa huku, analijua jambo hili vizuri. Hakuulizwa kama anapendezwa. Alikatwa. Wala hatukumsikia mtu akisema kwamba Marekani imewafukuza wawekezaji.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba mgeni huyu atalipa kwao, kwa hiyo tusimtoze mara mbili. Jibu hilo lina sura ya haki, lakini tulichunguze.

Mmiliki akiwa mkazi wa Uingereza, Uingereza humtoza kwa faida anayoipata popote duniani. Kwa nyumba za makazi, kiwango chao ni asilimia 18 au 24, kutegemea kipato. Lakini Kenya na Uingereza zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Haki ya kutoza faida ya ardhi ni ya nchi ilipo ardhi, kisha kodi iliyolipwa huko hupunguzwa katika kodi ya nchi anakoishi mlipaji. Anayedaiwa asilimia 24 London, akilipa asilimia 15 Kenya, hulipa London tofauti tu. Asipolipa chochote Kenya, London huchukua zote 24. Ndugu msomaji, hebu lisome hilo mara ya pili. Tunaposhindwa kukusanya kodi kwa mwuzaji mwaminifu wa aina hiyo, hatumpunguzii yeye hata senti. Tunaipa zawadi hazina ya Uingereza.

Mmiliki akiwa mkazi wa Italia mambo huwa kinyume, nayo yanatuhusu zaidi sisi wa pwani, kwa sababu Waitaliano wana historia ndefu Malindi tangu walipokuwa wakirusha setilaiti kutoka Ngomeni mwaka 1967. Kwa sheria ya Italia, mtu binafsi anayeuza nyumba aliyoimiliki kwa zaidi ya miaka mitano kwa kawaida hatozwi kodi ya faida. Kwa hiyo aliyenunua jumba miaka 15 iliyopita akiliuza leo, Roma haimdai kitu juu ya faida hiyo. Kama Kenya nayo haikukusanya, faida ile haijatozwa popote chini ya jua. Wakati huo huo, Italia imekuwa ikimtoza mkazi wake kodi ya kila mwaka kwa sababu ya kumiliki nyumba nje ya nchi. Kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 0.76 ya thamani, na tangu 2024 ni asilimia 1.06. Roma hujipatia mapato kila mwaka kwa jumba lililojengwa juu ya mchanga wa Malindi. Sisi tunaona haya kudai mara moja tu, siku ya kuuza.

Jibu la pili ni kwamba tutawatisha wawekezaji. Hili ndilo lililotumika mwaka 1985 na halijazeeka bado. Mimi nauliza: mwekezaji gani? Anayejenga kiwanda cha kusindika maembe Kilifi ni mwekezaji. Anayenunua jumba tupu, akalifunga miezi kumi kwa mwaka na kungoja bei ya ardhi ipande, ni mgeni mwenye akiba. Namkaribisha kwa moyo mkunjufu. Lakini nisidanganywe kwamba kungoja ni kuzalisha.

Tena, bei hiyo ilipandishwa na nani? Barabara ya Mombasa hadi Malindi ni ya umma. Uwanja wa ndege wa Malindi ni wa umma. Matumbawe yanayomleta mgeni Watamu yamehifadhiwa na Serikali tangu mwaka 1968 ilipoanzishwa hifadhi ya bahari, na mvuvi wa pale alipoteza sehemu ya maji yake ili matumbawe hayo yapone. Aidha, tusisahau sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliyowataka watu wa pwani waje kudai ardhi yao kwa maandishi. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni, na wajukuu wa wasiodai wakaja kuitwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Faida ya milioni 34 katika mfano wetu haikufumwa na mikono ya mwenye jumba peke yake. Asilimia 15 ni sehemu ndogo kwa wote waliochangia.

Jibu la tatu nalikubali kwa sehemu. Wapo wanaosema sheria yetu hailipi uzito suala la mfumuko wa bei. Ni kweli. Aliyenunua kwa milioni 2 miaka 30 iliyopita na kuuza leo kwa milioni 40 hakupata faida halisi ya milioni 38, kwa kuwa shilingi ya siku zile si shilingi ya leo. Sehemu ya faida hiyo ni kivuli tu, nasi tunakitoza kodi kivuli. Hilo linamwumiza mgeni na linamwumiza mjane wa Likoni anayeuza kiwanja cha marehemu mumewe. Lirekebishwe. Lakini dawa ya hesabu mbaya ni hesabu nzuri. Kufumbia macho ukwepaji si dawa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wageni ni wezi. Nawajua wageni waliolipa kodi yao hadi shilingi ya mwisho, na wananchi wenye majina makubwa wanaoficha majumba yao nyuma ya makampuni matatu. Tofauti ni kwamba mwananchi akikwepa leo, kesho yupo. Ana mshahara, ana gari, ana shamba, anaweza kufuatwa. Aliyekwenda zake hafuatwi ila kwa gharama inayopita deni lenyewe. Ndiyo maana utaratibu wake lazima uwe wa kukata kabla hajaondoka.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo manne, nayo nayaelekeza kwa wabunge, kwa Hazina ya Kitaifa na kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu.

Kwanza, mnunuzi wa nyumba kutoka kwa mwuzaji asiye mkazi azuie asilimia 10 ya bei na kuiwasilisha KRA, au wakili wake afanye hivyo kwa niaba yake. Asipozuia, deni liwe lake. Katika mfano wetu, milioni 6 zingezuiwa, kodi ya milioni 5.1 ingechukuliwa, na laki 9 zingerudi kwa mwuzaji.

Pili, mwuzaji mwaminifu asiteswe. Apewe njia ya kukokotoa kodi yake kabla ya kuuza na kupata cheti, ili kinachozuiwa kilingane na kinachodaiwa. Sheria iweke siku 60 za kurejesha kilichozidi, na zikipita Serikali ilipe riba. Sote tunajua jinsi KRA inavyochelewa kurejesha fedha za watu. Tukiomba haki ya kukata, tuwe tayari kubeba wajibu wa kurejesha.

Tatu, kodi isiyolipwa iwe deni juu ya jumba lenyewe, hata kama kilichouzwa ni hisa ng'ambo. Mtu hupanda ndege, jumba halipandi. Mnunuzi akijua kwamba deni litalifuata jumba, yeye mwenyewe atakuwa mkaguzi wa kwanza wa mwuzaji.

Nne, rejista ya wamiliki halisi wa makampuni, ambayo makampuni ya Kenya yanatakiwa kuitimiza tangu mwaka 2020, ilinganishwe kila mwaka na rejista ya ardhi. Majina yakibadilika katika rejista moja na yasibadilike katika nyingine, afisa wa kodi aulize. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa kigeni. Inahitaji idara mbili za Serikali moja zikubali kuzungumza.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina neno moja la mwisho. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa, ulikuja na pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Vijana waliingia barabarani, na mswada wote ukaondolewa. Tangu hapo mara nyingi tumeulizwa kwa dhihaka: kama hamtaki kodi hii, fedha zitatoka wapi? Hilo ni swali halali na tusilikimbie. Majumba ya likizo peke yake hayatalipa deni la taifa, wala sitawadanganya kwamba yatalilipa. Lakini Serikali iliyomfikiria mla mkate kabla ya mwuza jumba imetuonyesha mahali macho yake yanapoanzia kutazama. Kazi yetu ni kuligeuza shingo lake.

Wahenga wetu walilimaliza jambo hili zamani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema afukuzwe. Hawakusema anyang'anywe. Walisema aingie shambani pamoja na wenyeji. Mwenye jumba la Watamu amekula nasi siku mbili, tena kwa furaha yetu sote. Leo ni ya tatu.